Injini ya Datsun 240Z iliyochemka hadi ikanoki: niifufue au niweke nyingine?

Mwana_Mvita

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa majuma matatu sasa, na nitalieleza kwa ukamilifu ili asilazimike mtu kuniuliza mara mbili.

Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu. Aliinunua Nairobi mkono wa pili, wakati ambapo bado watu walikuwa wakisimulia jinsi Shekhar Mehta na Lofty Drews walivyoshinda Safari Rally ya 1973 kwa gari la aina hiyo hiyo. Injini iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani: L24 ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Namba iliyogongwa kwenye bloku inalingana na iliyo kwenye kibati cha chumba cha injini na iliyoandikwa kwenye logbook. Kwa kadiri nijuavyo, haikuwahi kufunguliwa upande wa chini hata mara moja.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Nairobi kurudi Mombasa. Baada ya kupita Mtito Andei, mpira wa chini wa radieta ulipasuka bila mimi kujua, nami nilikuwa nimezoea kutazama barabara zaidi ya kutazama mshale wa joto. Nilipoutazama, karibu na Manyani, ulikuwa umelala mwisho kabisa. Nilisimama, nikaufunga mpira kwa utepe na waya, nikamimina maji baridi kwenye injini ambayo bado ilikuwa inanguruma kwa moto, kisha nikaendelea hadi Voi. Najua, msinikaripie, nimekwisha kujikaripia vya kutosha. Kilomita chache kabla ya Voi nilianza kusikia mgongano wa chini, taratibu kwanza, halafu kama mtu anayepiga nyundo kwenye ngoma ya chuma. Gari lilimalizia safari juu ya lori.

Fundi wangu amepima kompresheni kabla ya kufungua. Silinda nne za mbele zilisoma kati ya kilo 10 na 11 kwa sentimita ya mraba, lakini ya tano ilisoma 4 na ya sita haikufika hata hapo. Oili ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi, yaani kipande cha juu kinachofunika silinda, imeungua kati ya silinda ya tano na ya sita, na metali za konrodi ya sita (bearingi za fimbo inayounganisha pistoni na krenki) zimesagika hadi shaba inaonekana.

Nimepewa makadirio mawili. Kuifufua injini yenyewe, pamoja na vipuri kutoka nje, ni takribani shilingi 520,000 za Kenya. Kununua injini ya L28 iliyotoka kwenye Nissan Patrol ya zamani na kuifunga ni shilingi 160,000, kila kitu ndani. Tofauti hiyo si ndogo kwangu, kwa kuwa nina watoto wawili shuleni. Je, kuna maana yoyote ya kuifufua injini ya miaka hamsini iliyoumia kiasi hiki, au nashikilia kumbukumbu ya mjomba kwa gharama nisiyoweza kuibeba?

Fundi_Mstaafu

Kijana wangu, pole kwa yaliyokukuta. Nimefanya kazi ya injini kwa zaidi ya miaka thelathini, nyingi kati ya hiyo Nairobi, na L24 nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu zamani magari haya hayakuwa ya kifahari, yalikuwa magari ya watu waliopenda mwendo. Kwa hiyo nitakujibu kwa namna ambayo pengine haitakufurahisha: swali lako limekuja mapema mno. Unauliza ufufue au usifufue, wakati bado hujui kilichoharibika. Shilingi 520,000 uliyoambiwa si hesabu, ni kisio la mtu aliyetazama kwa macho tu. Ukipima kwanza, huenda ikashuka, na huenda ikapanda hadi swali lako lijijibu lenyewe.

Anza na krenki, ile shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inagonga. Pini za konrodi za L24, zikiwa mpya, zina kipenyo cha milimita 49.96 hadi 49.97. Chukua maikromita, usikubali kalipa ya dukani, upime kila pini mahali panne. Ikiwa mkwaruzo unashika ukucha, lazima pini isagwe, na metali za kupunguzia zipo kuanzia milimita 0.25. Nafasi ya oili kati ya pini na metali inatakiwa iwe kati ya 0.025 na 0.055; ikizidi hapo, mgongano utarudi kabla hujafika Mariakani. Konrodi ya sita nayo itazamwe: ikiwa imegeuka rangi ya buluu, au tundu lake kubwa limekuwa yai, itupe na utafute nyingine, maana konrodi iliyopikwa haina msamaha.

Silinda zilitoka kiwandani zikiwa milimita 83 kamili. Zikiwa zimechakaa tu bila michirizi, unaweza kuzipiga msasa wa duara na kuweka ringi mpya. Zikiwa na michirizi inayoshikika, zitobolewe zote sita hadi 83.5 na kuwekwa pistoni za oversaizi. Usikubali kutoboa silinda moja na kuacha tano.

Sasa nije kwenye hedi, ambako watu wengi huharibu kazi nzuri, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia. Hedi ya L24 ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kutupwa, na silinda za nyuma, ya tano na ya sita, ndizo zinazopata joto zaidi. Ikichemka kama yako ilivyochemka, hupinda katikati kama upinde. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso unaokaa kwenye gasketi, upitishe bamba nyembamba za kupimia mwanya chini yake. Kitabu cha Nissan, waliotengeneza Datsun, kinavumilia milimita 0.1 tu. Ukipata 0.2 au 0.3, utapelekwa kwa mtu mwenye mashine atakayekuambia, «Leta tuinyoe, kesho uje uichukue.» Usimpe.

Sababu ni hii. Kamshafti ya injini hii, shafti inayofungua valvu, inakaa juu ya hedi yenyewe, imeshikwa na minara mitano iliyopangwa kiwandani katika mstari mmoja. Hedi ikipinda, hupinda yote: uso wa chini unapinda na mstari wa minara unapinda pamoja nao. Ukinyoa chini, umepata uso ulionyooka chini ya kamshafti iliyokaa kwenye upinde. Gasketi itashika, gari litawaka, wewe utamshukuru fundi, na baada ya miezi michache kamshafti itaanza kula mnara wa katikati, au itakatika. Kisha mtu atasema injini hizi kuukuu hazifai.

Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote, ondoa rokaa zote (vile vijiti vinavyobonyeza valvu), ondoa gurudumu la cheni, uizungushe kamshafti kwa vidole. Ikizunguka kwa vidole viwili, mstari umenyooka. Ikihitaji spana, hedi imepinda juu na chini, na dawa yake ni kuinyoosha kabla ya kuinyoa: inafungwa kwa bolti juu ya bamba nene la chuma, vipande vyembamba vikiwa vimewekwa chini ya ncha mbili, katikati inavutwa chini, halafu inaingia tanuri kwa nyuzi 200 na ushei kwa saa kadhaa na kuachwa ipoe humo humo bila haraka. Aluminiamu iliyopindwa na moto hunyooshwa na moto. Baada ya hapo ndipo unanyoa kidogo tu, na jumla isizidi 0.2.

Jambo la pembeni: muulize fundi wako kama aliweka kabari ya mbao kwenye cheni alipotoa hedi. Kama hakuweka, kikazio cha cheni kimekwisha kuchomoka ndani ya kifuniko cha mbele. Kwako si hasara, kwa kuwa unafungua chini hata hivyo, lakini jibu lake litakuonyesha kama mtu huyo aliwahi kuifungua L24 kabla ya yako.

Rudi na vipimo, ndipo tuzungumze fedha.

Mtu_wa_Gerezani

Mkuu Mwana_Mvita, salaam kutoka Dar es Salaam. Namheshimu mzee aliyetangulia na sina la kupinga katika ufundi wake, ila nadhani ameliacha swali la pili bila kuligusa, nalo ndilo linalouma: una watoto shuleni.

L28 si injini ya kigeni kwa gari lako. Ni ndugu wa L24 wa tumbo moja: bloku ya umbo lile lile, ujazo wa sentimita za ujazo 2,753 kwa sababu silinda zake ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni 79 badala ya 73.7. Nissan wenyewe waliiweka kwenye 280Z iliyolirithi gari lako. Inakaa kwenye viti vile vile, inafunga na giaboksi ile ile, na kabureta zako mbili zinahamia juu yake bila kuchonga chochote. Ile ya Patrol itakulazimu kuhamisha karai ya oili na bomba la kufyonzea kutoka kwenye L24 yako, kwa kuwa karai ya Patrol haikutengenezwa kupita juu ya boriti ya mbele ya 240Z. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Mimi nimefanya hivyo kwenye 260Z ya bosi wangu. Gari lina nguvu zaidi kuliko lilivyozaliwa, linapanda mlima wa Kitonga bila kulalamika, na hakuna mpita njia aliyewahi kufungua boneti akasoma namba. Injini ya asili tuliisafisha, tukaipaka oili nzito, tukaifunga kwenye nailoni na kuiweka juu ya ubao kwenye stoo. Haijauzwa wala haijatupwa. Siku bosi akipata fedha, ipo.

Usisahau tu kwamba logbook yako ina namba ya injini, hivyo ukibadili ni lazima uombe mabadiliko ya maelezo ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, na uwe na risiti ya injini uliyonunua. Injini isiyo na karatasi usiinunue hata ikiwa bure, maana hujui imetoka kwenye gari la nani.

Mkaazi_wa_Ruwi

Ndugu zangu, nawasoma kutoka Maskati. Nami nina 240Z, ya 1971, na nimepita njia zote mbili mlizozitaja, kwa hiyo naomba niongeze niliyoyaona kwa macho.

Mara ya kwanza niliifufua injini vibaya. Krenki ilisagwa katika karakana moja hapa, kwa kipimo sahihi kabisa, na nilipewa karatasi ya vipimo iliyopigwa muhuri. Kitu ambacho hakikufanywa, nami sikujua kukiuliza, ni kusafisha njia za oili ndani ya krenki baada ya kusaga. Vumbi la jiwe la kusagia lilibaki ndani ya vile vitundu vyembamba. Injini ikawashwa, oili ikalisukuma vumbi lile moja kwa moja kwenye metali mpya, na katika kilomita 600 nikasikia sauti ile ile unayoisimulia wewe. Nilipofungua, metali zilikuwa na mistari kama iliyochorwa kwa sindano. Kazi nzima ikarudiwa kwa sababu ya brashi ndogo na lita mbili za mafuta ya taa. Kwa hiyo, krenki ikirudi kutoka kwenye mashine, ioshe wewe mwenyewe, kitundu kwa kitundu, hadi kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe.

Kuhusu thamani, sikubaliani na ndugu wa Gerezani kwamba hakuna anayesoma namba. Mpita njia hasomi, lakini mnunuzi husoma, na ndilo jambo la kwanza analolitazama. 240Z si Datsun ya kawaida kwa watu wa magari ya zamani. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya 1971 kwa 240Z, na Nissan wanalihifadhi gari hilo Zama, Japani, likiwa na makovu yake ya safari badala ya kulinyoosha na kulipaka upya. Gari lenye asili ya Afrika Mashariki, lenye injini yake ya kuzaliwa na karatasi zinazolingana, lina hadithi ambayo gari lililotoka Marekani haliwezi kuinunua. Hata hivyo namuunga mkono katika jambo moja kubwa: bloku ya asili ikiwa imehifadhiwa vizuri, thamani hiyo haipotei, inasubiri. Anayeipoteza ni yule anayeiacha kwa fundi «kwa muda» na kukuta imeuzwa kwa vyuma chakavu.

Ukiamua kufufua, vipuri si tatizo kama watu wanavyodhani. Nissan walitengeneza familia hii ya injini kwa miaka mingi na kuiweka kwenye magari mengi, kwa hiyo gasketi, cheni, pampu ya oili, pampu ya maji na pistoni za oversaizi bado zinatengenezwa. Na kwa kuwa hedi itakuwa nje, mwambie fundi akague viti vya valvu za moshi. Injini hizi zilizaliwa wakati wa petroli yenye risasi, nayo Kenya iliachana nayo mwishoni mwa 2005. Viti vigumu ukiviweka sasa ni gharama ndogo kuliko kuitoa hedi tena.

Mwana_Mvita

Wazee wangu na ndugu zangu, nashukuru sana. Nimechukua siku tisa kurudi kwa sababu nilitii: sikulipa hata senti kabla ya kupima. Nilimpata mzee mmoja mchongaji hapa Mombasa mwenye maikromita anazozifungia kwenye sanduku la mbao kama dhahabu, nikakaa naye siku nzima nikiandika.

Krenki: pini tano ziko kati ya 49.95 na 49.97. Ya sita imesoma 49.83 mahali pabaya zaidi na ukucha unashika, lakini mzee anasema ikisagwa kwa 0.25 itatoka safi, na pini kuu zote ziko salama. Konrodi ya sita ina rangi ya buluu, kwa hiyo nimeitenga. Silinda tano za mbele hazijazidi 83.06, ila ya sita ina michirizi miwili mirefu upande wa moshi, hivyo zote zinakwenda 83.5. Bloku tumeipaka rangi ya kutafutia nyufa, tukaifuta, tukasubiri na poda nyeupe: hakuna ufa wowote. Nakiri nilishusha pumzi.

Hedi ndiyo iliyonifundisha. Rula ilionyesha mwanya wa 0.27 katikati. Tulipotoa rokaa na gurudumu la cheni nilijaribu kuizungusha kamshafti kwa vidole, haikusogea. Kwa mkono mzima ilisogea robo ya mzunguko na kukwama. Mzee alilegeza bolti za mnara wa tatu nusu duru tu, bila kuuondoa, na papo hapo kamshafti ikazunguka. Nilisimama pale nikikumbuka kwamba majuma mawili yaliyopita fundi wangu wa kwanza alikuwa amekwisha kuniambia tuinyoe na tufunge. Nilimuuliza pia kuhusu kabari ya mbao. Aliniuliza kabari gani.

Uamuzi wangu ni huu. Bloku na krenki nazifufua, kwa kuwa vipimo vinasema zinafufuka, na makadirio mapya yaliyoandikwa kipande kwa kipande ni shilingi 385,000 pamoja na pistoni. L28 ya Patrol nimeiacha: nilipoomba karatasi, muuzaji alianza kuzungumzia mambo mengine. Hedi nimekubaliana na mzee ajaribu kuinyoosha mara moja tu. Isiponyooka, sitaendelea kuipika; nitatafuta hedi nyingine iliyotumika, na kazi ya chini itasubiri ikiwa imefungwa vizuri na kupakwa oili. Nimetenga fedha hadi Desemba, na haziongezeki.

Fundi_Mstaafu

Umefanya vyema, na huyo mchongaji mshike. Nikuongezee jambo moja ambalo atalijua lakini ni vizuri ulijue wewe pia: hedi ikinyolewa, gurudumu la juu la cheni linashuka karibu na krenki, cheni inalegea kidogo, na kamshafti inachelewa. Ndiyo maana Nissan waliweka matundu matatu kwenye gurudumu hilo, yenye namba 1, 2 na 3. Gari lako bila shaka limekuwa kwenye la kwanza maisha yake yote. Baada ya kufunga, tazama alama iliyo nyuma ya gurudumu ikilinganishwa na kimfereji kwenye bamba la kamshafti. Ikiwa imepitwa, hamia tundu la pili. Mpira wa chini wa radieta badilisha, na wa juu pia, hata kama unaonekana mzima.

Mwana_Mvita

Mipira yote miwili nimekwisha kuinunua, pamoja na kipimo kipya cha joto ambacho nitakifunga mahali nisipoweza kujizuia kukiona. Hedi imeingia tanuri leo saa kumi jioni. Mzee amesema haitolewi hadi kesho mchana, na amenikataza kuja mapema.